Chapati ya Kufungiwa na Mizani ya Kalori

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta katika kurasa zake makala kuhusu ngeli, vitenzi na malenga wa kale. Safari hii twaomba radhi, kwani tumekusudia kuandika kuhusu chakula. Wala si chakula kwa jumla, bali kile chakula cha Kihindi ambacho mtu hukinunua dukani, akafungiwa, akaenda kukila nyumbani kwake. Jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na ndani ya historia hiyo mna maneno kadha ambayo sisi walimu wa Kiswahili twayafundisha kila siku bila ya kujua yalikopitia.

Chanzo cha makala haya ni kidogo. Hapa Jinja tunakoishi, siku ya Ijumaa jioni, baada ya kusahihisha madaftari, tumekuwa na desturi ya miaka mingi ya kupita katika duka moja la vyakula la Wahindi na kuagiza biriani, au kuku wa mchuzi mzito na chapati nne, pamoja na sambusa za watoto. Miaka miwili iliyopita daktari alitupima damu, akatuambia kwamba sukari imeanza kupanda na yafaa tupunguze uzito. Akatupa karatasi yenye jedwali: chakula upande huu, kalori upande ule. Tuliisoma karatasi ile mara tatu. Ilikuwa na mkate wa kukatwa, viazi vya kuchemsha, tufaha na jibini. Biriani haikuwamo. Chapati haikuwamo. Hata posho, ambayo nusu ya Uganda huila kila siku, haikuwamo. Tukajiuliza: ni nani aliyeanza kukihesabu chakula cha watu, na hesabu yake ilipitia njia gani hata ikafika kwetu bila ya vyakula vyetu?

Tuanze na huko kufungiwa. Wako wanaodhani kwamba chakula cha kununua na kwenda nacho nyumbani ni mtindo wa siku hizi, uliokuja pamoja na pikipiki na simu za mkononi. Sivyo. Mnamo mwezi wa Desemba mwaka 1773, mwenye mkahawa mmoja katika mtaa wa Norris, Haymarket, mjini London, alitangaza gazetini kwamba mchuzi wa Kihindi na wali, pamoja na pilau, vitapikwa kwake na kupelekwa sehemu yoyote ya mji. Yaelekea wateja aliowatazamia walikuwa ni wale watumishi wa Kampuni ya Uhindi Mashariki waliorudi kwao wakiwa na fedha mfukoni na ulimi uliokwisha zoea viungo. Nao hawakuwa wa kwanza kuvionja huko Uingereza, kwani tangu mwaka 1747 Hannah Glasse alikuwa amechapisha kitabu cha mapishi chenye maelezo ya kupika mchuzi kwa namna ya Kihindi.

Mhindi wa kwanza kufungua mkahawa wake mwenyewe mjini London alikuwa Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna wa mwaka 1759, ambaye alitumika katika jeshi la Kampuni kabla ya kuhamia Ireland. Mwaka 1794 alichapisha kitabu cha safari zake kwa Kiingereza, na mwaka 1810 akafungua mkahawa karibu na Portman Square. Haukudumu, mwaka 1812 alitangazwa kuwa amefilisika. Mabwana waliokuwa na uwezo wa kula kwake walikuwa pia na uwezo wa kuweka mpishi nyumbani. Mzee huyo hakukata tamaa, bali alikwenda Brighton akaanzisha nyumba ya kuogea kwa mvuke na kukandwa mwili, akapata sifa kubwa kwa kazi hiyo kuliko alivyopata kwa mchuzi. Inatupendeza kuona kwamba mtu aliyeshindwa kuwanenepesha Waingereza aliishia kuwatoa jasho.

Uhindini kwenyewe chakula kilikuwa kikisafiri kwa njia ya kinyume. Mjini Bombay, ambao siku hizi waitwa Mumbai, mnamo mwaka 1890 Mahadeo Havaji Bachche alikusanya watu wapatao 100 ili wachukue chakula kilichopikwa na wake na akina mama majumbani, wakipeleke kwa waume na watoto wao waliokuwa kazini katika maofisi ya mjini. Kazi hiyo ilikua mpaka wachukuzi wakafika maelfu, wakibeba vyombo vya bati vilivyopangwa ghorofa juu ya ghorofa: wali chini, dengu katikati, mboga juu. Chombo hicho huitwa dabba. Mwalimu yeyote atalitambua neno hilo mara moja, kwani ndilo ndugu wa debe letu, lile la kupimia mahindi na kutekea maji. Basi tazama tofauti. London, chakula kilitoka katika jiko la mgeni kikaenda nyumbani kwa mlaji. Bombay, kilitoka nyumbani kikamfuata mlaji kazini. Cha Bombay kilipikwa na mtu aliyemjua atakayekila, aliyejua kama tumbo lake li zima au la. Cha London kilipikwa kwa ajili ya kumpendeza mtu asiyejulikana, naye mpishi hana njia ya kumpendeza mgeni iliyo fupi kuliko mafuta.

Jambo hili la mafuta lataka maelezo zaidi, kwa kuwa ndipo penye kiini cha kalori. Mikahawa ambayo Waingereza huiita ya Kihindi, kwa sehemu kubwa, haikuanzishwa na watu wa nchi tunayoiita leo Uhindi. Waanzilishi wake wengi walikuwa ni watu wa Sylhet, jimbo ambalo sasa limo katika Bangladesh. Watu hao walikuwa mabaharia. Walifanya kazi ndani ya vyumba vya mitambo vya meli za Waingereza, wakitia makaa ya mawe katika moto, kazi ambayo wazungu wengi waliikimbia. Baadhi yao walitoroka meli zilipotia nanga London, wakapata vibarua vya kuosha vyombo na kupika. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 walinunua vijiduka vya samaki na chipsi vilivyoharibiwa na mabomu, wakaendelea kuuza samaki, lakini wakaweka na chungu cha mchuzi pembeni kwa ajili ya wenzao. Walikuwa wakifunga usiku sana. Walevi waliotoka vilabuni saa tano za usiku hawakuwa na mahali pengine pa kula. Wakaonja mchuzi ule juu ya chipsi, wakaupenda.

Mpishi wa mkahawa wa namna hiyo hana saa tatu za kumpikia mteja mmoja. Kwa hiyo mchana huinjika sufuria kubwa ya mchuzi wa msingi: vitunguu vingi, tangawizi, kitunguu saumu, nyanya kidogo, bizari na mafuta, ukatokota mpaka vitunguu vikapondeka kabisa. Usiku mteja akiagiza, mpishi hutia mafuta mengine katika karai, akaongeza viungo, nyama iliyokwisha iva, na pawa moja au mbili za ule mchuzi. Akiombwa chakula laini hutia malai na nazi. Akiombwa kikali huzidisha pilipili. Ndiyo maana orodha yenye vyakula 60 yaweza kutoka katika sufuria moja. Ni ufundi mkubwa, nasi hatuudharau hata kidogo. Lakini tazama ni mara ngapi mafuta yameingia: mara ya kwanza mchana, mara ya pili usiku, na mara ya tatu kwa jina la malai.

Na yule kuku wa siagi, ambaye sisi wenyewe ndiye tumpendaye kuliko wote? Huyu asili yake yatajwa kuwa Delhi, baada ya Uhindi kugawanyika mwaka 1947, katika mkahawa wa Moti Mahal ulioanzishwa na wakimbizi kutoka Peshawar. Kuku wa kubanikwa katika tanuri walikuwa wakikauka wakibaki, nao wapishi wakawalainisha kwa mchuzi wa nyanya, siagi na malai. Nani hasa alikuwa wa kwanza kufanya hivyo ni jambo lililopelekwa mpaka Mahakama Kuu ya Delhi mwaka 2024, familia mbili zikidai heshima hiyo. Sisi tusio mahakimu twatosheka na neno tanuri. Lile jiko la udongo ambalo Wahindi huliita tandur na tanuri letu la kuokea mikate ni neno moja lililopita njia mbili, huku likipitia kwa Waarabu, kule kwa Waajemi. Na mwaka 2001 Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza, alisema katika hotuba yake kwamba kuku wa tikka masala amekuwa chakula halisi cha taifa la Waingereza. Mwenye kuhesabu kalori za kuku huyo, basi, anahesabu chakula kilichobuniwa kwa ajili ya karamu ya wageni. Asiseme kwamba anahesabu chakula cha Wahindi.

Hapo ndipo tunapoifikia hesabu yenyewe.

Kabla ya neno kalori kuenea, chakula cha Wahindi kilikuwa kimekwisha pimwa kwa mizani ya kikatili. Katika njaa kuu ya miaka 1876 hadi 1878, iliyoua mamilioni ya watu, serikali ya kikoloni iliwapa kazi za kuvunja mawe na kuchimba mifereji wale waliotafuta msaada. Mwaka 1877 Richard Temple, aliyetumwa kupunguza gharama, aliamuru kwamba mwanamume anayefanya kazi apewe ratili moja ya nafaka kwa siku, pamoja na senti chache. Ratili moja ni kiasi cha gramu 450. Tukiipima kwa hesabu ya leo, hiyo ni kama kalori 1,600, kwa mtu anayevunja mawe juani tangu asubuhi. Daktari William Cornish, aliyekuwa mkuu wa afya katika Madras, alipinga vikali, akisema kwamba kipimo hicho hakiwezi kumweka hai mtu mwenye kazi. Mabishano yao yalikuwa juu ya swali moja: mtu aweza kupewa chakula kidogo kiasi gani asife?

Swali hilohilo, likiwa limevaa nguo safi zaidi, liliingia katika maabara. Neno kalori lilikuwa limetumiwa na Mfaransa Nicolas Clément katika masomo yake mjini Paris kati ya miaka 1819 na 1824, kwa maana ya kipimo cha joto: joto linalotosha kuipandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya sentigredi. Lilihusu mitambo ya mvuke, wala halikuhusu wali. Aliyelihamishia kwenye tumbo la binadamu huko Marekani alikuwa Wilbur Atwater, katika mji wa Middletown. Kuanzia mwaka 1896 yeye na wenzake walimweka mtu ndani ya chumba kidogo kilichozibwa, siku kadha mfululizo, wakampa chakula kilichopimwa kwa uangalifu kupitia tundu, wakapima joto la mwili wake akiwa amelala, akisoma, au akiendesha baiskeli isiyokwenda popote. Kutokana na kazi hiyo zikapatikana zile namba ambazo hadi leo zaandikwa nyuma ya pakiti: gramu moja ya wanga kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, gramu moja ya mafuta kalori 9. Atwater alitaka kujua jinsi mfanyakazi wa mshahara mdogo angeweza kupata nguvu nyingi kwa fedha chache. Aliwashauri watu wanunue vyakula vyenye kalori nyingi. Laiti angaliiona karatasi ya daktari wetu, angalistaajabu.

Aliyeigeuza hesabu hiyo kichwa chini alikuwa daktari wa Los Angeles, Lulu Hunt Peters, ambaye mwaka 1918 alichapisha kitabu kilichouzwa kwa wingi mno. Yeye mwenyewe alikuwa mnene, akapungua, na akawafundisha wanawake wa nchi yake kuacha kusema kipande cha mkate, wakaseme kalori 100 za mkate. Vita vilikuwa vikiendelea Ulaya, nako kula sana kulihesabiwa kuwa ni kuwanyima askari na watoto wenye njaa. Tangu hapo mizani haikuwa tena mkononi mwa bwana anayempimia mtumwa; ilihamia mkononi mwa mlaji, ajipimie mwenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo neno linalobeba historia hiyo yote kwa silabi mbili tu, nalo ni posho. Katika kamusi posho ni kipimo cha chakula, au fedha ya chakula, apewacho askari, mchukuzi au mfanyakazi. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya miaka 1896 na 1901, ilijengwa na wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Uhindi, wengi wao wakiwa watu wa Punjab. Walipewa rupia 15 kwa mwezi na posho. Zaidi ya 2,000 walikufa. Wapatao 6,700 walibaki walipomaliza mikataba yao. Nyuma ya reli wakafuata wenye maduka, na pamoja nao zikaja chapati, bajia, kachori, achari, chatini, kachumbari na lile karai la kukaangia. Wakati huohuo katika mashamba, magereza, shule na kambi za Uganda na Kenya, Mwafrika alipimiwa unga wa mahindi kuwa posho yake. Kwa kupimiwa unga huo miaka nenda miaka rudi, jina la kipimo likawa jina la chakula. Ndiyo maana mtoto wa Uganda leo husema anakula posho, hali mwenzake wa Tanzania husema anakula ugali. Tumekwisha wafundisha wanafunzi wetu kwamba hiyo ni tofauti ya lahaja. Hatukuwaambia kwamba ni kovu.

Chapati, kwa upande wake, haikuwa posho ya mtu. Ilikuwa chakula cha sikukuu na cha mgeni. Basi ilipofika tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kwamba Waasia watoke katika nchi hii kwa muda wa siku 90, chapati haikufukuzwa pamoja nao. Ilibaki pembeni mwa barabara, mikononi mwa vijana wenye meza ya mbao, jiko la makaa na kikaango cha chuma. Baadaye, hasa karibu na Makerere katika mtaa wa Wandegeya, ilizungushiwa mayai ya kukaanga na kabichi, ikaitwa Rolex, kwa mchezo wa matamshi ya Kiingereza wenye maana ya mayai yaliyokunjwa. Ni chakula cha kufungiwa hasa. Hufungwa kwa gazeti, huliwa kwa miguu.

Nao waliofukuzwa je? Wapatao 28,000 walipokewa Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Kampala la Uganda Argus, mwezi wa Septemba mwaka huo, likiwasihi wasiende kwake kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Walikwenda vivyo hivyo, nao leo mji huo wajivunia maduka yao. Katika maduka na mikahawa ya watu hao, Leicester na Wembley, mteja huweza kuagiza chipsi za mogo na kuku paka. Mogo ni muhogo wetu. Kuku ni kuku wetu. Vivyo hivyo karanga huziita jugu, kutokana na njugu. Twafundisha sana kwamba Kiswahili kimekopa maneno kutoka Kihindi na Kigujarati. Yafaa tufundishe pia kwamba deni hilo lilikwisha lipwa, tena kwa sarafu ya chakula.

Yatubidi sasa turudi Jinja na kwenye karatasi ya daktari, kwa maana lipo jambo ambalo Lulu Hunt Peters hakuweza kulijua.

Katika Kiswahili, kunenepa ni sifa. Mtu akirudi kutoka safari akiambiwa amenawiri, ameambiwa kwamba alitunzwa vema. Kukonda ni habari mbaya: ni ugonjwa, au huzuni, au deni. Hapa Uganda neno hilo lilipata uzito mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Rakai, watu walianza kupukutika miili mpaka wakafa. Madaktari waliuandika ugonjwa huo mwaka 1985 kwa jina ambalo wananchi wenyewe waliupa, neno la Kiingereza la wembamba, ambalo Waganda hulitamka siriimu. Hadi leo ndilo jina la UKIMWI katika Kiganda. Neno ambalo huko ng'ambo laandikwa juu ya chupa za maziwa ili kuwavutia wanunuzi, kwetu liliandikwa juu ya makaburi.

Basi tulipokwisha punguza kilo tisa, kwa kuhesabu na kutembea, Mama alikuja kutuzuru kutoka kijijini. Alitutazama mlangoni, akanyamaza. Usiku, watoto walipolala, alifunga mlango wa chumba akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nieleze. Nani mwingine ajua?" Mama alizika ndugu zake wawili katika miaka ya 1990. Tulitaka kucheka, hatukuweza. Tulimtolea ile karatasi ya kalori, tukamweleza habari za sukari, tukamwonyesha matokeo ya vipimo vyote. Aliisoma yote kwa miwani yake, namba kwa namba, kisha akauliza, "Na nani amekukatia posho?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tununue mizani ya jikoni. Kama posho yetu itakatwa, na iwe sisi wenyewe tuikatao, tena kwa vyakula tunavyovijua. Tulinunua chapati ya barabarani, tukamwomba kijana aipike mbele yetu ili tupime unga na mafuta. Unga ulikuwa gramu 90 na mafuta gramu 15. Ukitumia namba za Atwater utapata kama kalori 460 katika chapati moja. Kisha tukaoka ile chapati kavu ya Kigujarati, nyembamba, isiyotiwa mafuta, ya gramu 30 za unga: kalori 110 hivi. Kijiko kimoja cha chakula cha samli, kama gramu 14, kilikuwa na kalori 125, yaani zaidi ya chapati hiyo nzima. Kwa bakuli la dengu, gramu 50 kabla ya kupikwa zilitupa kalori 175, nalo laweza kumshibisha mtu mzima akiwa na wali kiasi. Hesabu ilisema mambo yaleyale ambayo historia imesema. Jiko la nyumbani la Kihindi halikuwa na hatia. Uzito wote ulikuwa katika karamu, nasi tulikuwa tumeifanya karamu kuwa ya kila juma, mara nyingine mara mbili kwa juma.

Huko Uingereza sheria ilianza kufanya kazi tarehe 6 Aprili 2022, kwamba mikahawa na maduka ya vyakula ya England yenye wafanyakazi 250 au zaidi yaandike kalori katika orodha zao. Duka la familia, lenye baba, mama na mpwa jikoni, halikuguswa na sheria hiyo. Na hayo ndiyo maduka mengi ya chakula cha Kihindi. Kwa hiyo hata mlaji wa Leicester, akitaka kujua, hana budi kuuliza. Nasi tulifanya hivyo. Tulimwuliza mama mwenye duka letu ni mafuta kiasi gani yamo katika kuku wa siagi. Alicheka sana. "Mwalimu, ukijua hutanunua tena." Kisha akatuonyesha chungu kidogo kilichokuwa nyuma, cha chakula chake mwenyewe na wanawe: dengu za manjano, mchicha, na chapati kavu zilizofunikwa kwa kitambaa. "Hiki si cha kuuza," alisema. "Hakuna anayekitaka." Tulimwambia kwamba sisi twakitaka. Alisita, kwani aliona haya kumpa mteja chakula cha shida, lakini tangu siku hiyo hutufungia bakuli la dengu na chapati kavu sita, na bei yake ni nusu ya ile ya awali.

Kuku wa siagi hatukumwacha. Huja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, sahani moja kwa watu sita, nasi huandika katika daftari vipande viwili na chapati moja. Mama, akiwapo, husukuma kipande cha tatu upande wetu bila ya kusema neno, na hicho nacho tumekiandika.

Limebaki jambo moja la lugha. Katika makala haya tumetumia maneno "chakula cha kufungiwa" kwa sababu ndivyo tusemavyo dukani: nifungie. Wako wenzetu wasemao chakula cha kubeba, na wengine hulitumia neno la Kiingereza tu. Tungefurahi iwapo walimu wa Bujumbura, Bukavu, Kigali na Arua wangeliandikia jarida na kutueleza wao husemaje, na pia iwapo kwao posho bado ni kipimo, au imekwisha kuwa chakula.